Kirisasi Chini ya Kikombe

Walimkuta mnyapara wa kiwanda cha unga amelala kifudifudi kando ya meza yake, kofia ngumu bado iko kichwani, na damu inachora mstari mwembamba kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye vumbi jeupe la sakafu. Vinu vilikuwa vinanguruma kama kawaida. Hakuna aliyesikia kitu.

Aliyemfikia kwanza ni mdogo wake, fundi mitambo wa kiwanda hicho hicho. Hakungoja machela. Alimbeba kaka yake mgongoni, akateremka naye ngazi za chuma, akampandisha kwenye lori la magunia na kumwambia dereva akanyage mafuta mpaka mguu ugote. Baadaye daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wanaulizana habari za sanda.

Inspekta alipofika, damu ilikuwa imekwisha kugandana na unga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa mwili na mwepesi wa macho. Aliingia, akapiga chafya tatu mfululizo, akasimama katikati ya chumba mikono nyuma.

"Kimemwingia nini?" aliuliza.

"Kirisasi, Afande," alijibu Koplo. "Cha bunduki ya upepo. Daktari amekitoa mfupani, nyuma ya sikio, chini kidogo ya ukingo wa kofia. Kimekata mshipa, ndiyo maana ametoka damu nyingi hivyo."

"Kofia haikuguswa?"

"Hata mkwaruzo."

Inspekta akatazama huku na huku. Meza, kiti, rafu moja ya mbao ukutani yenye kikombe cha kauri na kopo la sukari. Upande wa pili mlango uliokuwa wazi, na nje yake kibaraza cha chuma ambapo wafanyakazi walipita kwenda kwenye vinu. Kutoka ukingo wa kibaraza hadi kitini hazikufika mita tano.

"Nani ana bunduki ya upepo hapa?"

Koplo alitabasamu. Swali hilo alikuwa amelisubiri. "Mmoja tu. Wanamwita Kengeza."

Kengeza hakuwa na kengeza hata kidogo. Jina alilipata kwa sababu muda mwingi jicho lake moja lilikuwa limefumbwa. Kazi yake ilikuwa kuwapiga njiwa waliokuja kuichafua nafaka. Walimteremsha kutoka juu ya paa, nyundo mkononi na lami hadi kwenye viwiko. Alikuwa anaziba matundu ambayo virisasi vyake vilitoboa kwenye mabati, kwa amri ya mnyapara, na kwa hasira ambayo kiwanda kizima kiliijua.

Kituoni walimkalisha kwenye benchi.

"Bunduki ni ya nani?"

"Yangu."

"Na virisasi?"

"Vyangu."

"Juzi ulimwambia mnyapara kwamba siku moja atakukoma. Kweli au si kweli?"

"Kweli. Hata mke wangu namwambia hivyo kila wiki, na bado ananipakulia."

Koplo alikaribia kucheka, akajikohoza.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Paani."

"Na nani?"

"Na njiwa. Waulize, labda watanitetea."

"Bunduki ilikuwa wapi?"

"Kabatini, karakana. Ufunguo unaning'inia msumarini nyuma ya mlango. Kila mtu anaujua msumari ule, hadi mfagiaji."

Bunduki ilikuwa kabatini kweli, imefutwa safi, haina alama ya kidole ya mtu yeyote, hata ya mwenyewe. Kirisasi cha hospitalini kilifanana na vile vya kwenye kopo lake. Mkuu wa kituo alisoma jalada akiwa amesimama, akalifunga kwa kiganja.

"Inspekta, hii imeiva. Ana silaha, ana ugomvi, hana shahidi. Kesho kutwa mfikishe mahakamani. Jaribio la kuua."

"Ndiyo, Afande."

Alisema ndiyo, lakini lile neno halikumshuka vizuri. Jaribio la kuua si kesi ya mchezo. Mtu akipatikana na hatia, watoto wake wanakua bila yeye, na mtoto mdogo wa Kengeza alikuwa bado ananyonya. Mke alikuwa nje pale ukumbini, kamfunga mgongoni, anatikisa mwili taratibu ili asilie. Hakumsumbua mtu. Kila polisi aliyepita alimwamkia.

Jioni Inspekta alipitia hospitali. Mnyapara alikuwa amelala na bandeji kama kilemba, pumzi zake zinakwaruza kifuani. Hakuwa ameweza kusema. Mke wake alikuwa ameushika mkono wa yule fundi kwa mikono miwili.

"Shemeji, Mungu akupe maisha marefu," alikuwa anasema. "Mimi leo ningekuwa mjane. Ulimbeba kama yeye alivyokubeba wewe. Ahsante, shemeji. Ahsante sana."

"Basi, shemeji."

"Basi nini? Nitashukuru mpaka niingie kaburini."

Muuguzi naye akampongeza. Hata mgonjwa wa kitanda cha jirani, mguu wake ukiwa umening'inizwa juu, alinyoosha mkono kumpa hongera. Fundi aliupokea huku anatazama chini. Alikuwa kijana mrefu, mabega mapana, na shati lile lile la asubuhi, damu imekauka mgongoni.

"Kakubeba lini?" Inspekta alimwuliza kwa upole walipotoka kwenye ujia.

"Tulipobaki yatima. Mimi nilikuwa sijui hata kufunga vifungo. Yeye ndiye alianza kubeba magunia pale kiwandani, nami ananiacha juu ya rundo la magunia matupu nilale." Alikohoa kidogo. "Afande, yule Kengeza mwachieni."

"Kwa nini?"

"Hakufanya."

"Ulimwona aliyefanya?"

"Namjua Kengeza. Mdomo mrefu, mikono mizuri."

"Hiyo siyo hoja ya kumpelekea hakimu, mwanangu."

"Najua," alisema fundi, akaondoka haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Kesho yake asubuhi alikuwa kituoni kabla ya Koplo kufungua dirisha. Alikuwa amemletea mke wa Kengeza maziwa ya mtoto. Akarudia maneno yale yale: mwachieni, hana kosa. Inspekta alimtazama kutoka ofisini. Alikuwa amewaona ndugu wa majeruhi wengi. Wengine hulia, wengine hutaka mtuhumiwa anyongwe papo hapo. Huyu wa kumlisha mtoto wa mtuhumiwa alikuwa mgeni machoni pake.

Alichukua funguo za gari. "Koplo, twende tukapige chafya."

Chumba cha mnyapara kilikuwa kimefungwa kwa utepe. Inspekta akauvuka, akakaa kwenye kile kiti, akageuza kichwa alivyodhani mnyapara alikigeuza. Jicho lake likatua kwenye rafu. Mbao ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, rangi ya zamani iliyofifia. Lakini kwenye ukingo wake palikuwa na kidoa cheupe, kibichi, kama jino.

Akasimama. Lilikuwa tundu. Ndani yake kirisasi kiling'aa.

"Koplo, jana nani alikagua hii rafu?"

"Mimi, Afande."

"Uliona nini?"

"Kikombe."

"Hicho hicho ndicho alichokiona hata mwenye bunduki." Alikunja goti, akapima kwa rula. "Njoo utazame. Tundu liko chini ya kikombe, katikati kabisa. Siyo kushoto, siyo kulia. Mtu alikilenga kikombe hiki kwa mkono uliotulia kabisa. Na akakikosa."

"Alirusha mara mbili?"

"Mara mbili. Cha kwanza kilipiga mbao."

"Sasa mnyapara hakushtuka?"

Msimamizi wa zamu, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye alijibu. "Mnyapara? Huyo miaka yote hiyo na vinu? Hata ukimwita kwa tarumbeta anakuuliza kama umesema jambo."

Inspekta aligeukia kibaraza. Mtu mwenye shabaha nzuri, mita tano kasoro, anakosa kikombe kwa sentimita nne, sawasawa chini. Kisha anampiga mtu chini tu ya ukingo wa kofia. Kofia ile ilikuwa na mstari mwekundu wa unyapara, umezunguka karibu na ukingo. Akapima kutoka kwenye mstari hadi mahali daktari alipopachora kwenye ramani ya kichwa.

Sentimita nne, tena chini.

"Hakulenga kichwa," alisema polepole. "Alilenga kofia."

Mtaalamu wa silaha wa polisi alikuwa mwanamama mwembamba aliyezungumza kana kwamba maneno yanatozwa kodi. Aliifunga bunduki ya Kengeza kwenye jiliwa la kubania, akaweka karatasi mita thelathini, akapiga. Kirisasi kikaingia pale pale msalaba wa darubini ulipoonyesha. Akaisogeza karatasi hadi kwenye umbali wa kibaraza na kiti, akapiga tena.

"Chini," alisema.

"Kiasi gani?"

"Nne."

"Bunduki mbovu?"

"Nzima." Alipoona Inspekta hajaridhika, alipumua na kujitoa mhanga kwa sentensi ndefu. "Darubini imekaa juu ya mtutu, kwa miguu mirefu. Jicho linatoka juu, kirisasi kinatoka chini, kinapanda kidogo kidogo mpaka kikutane na jicho kwenye umbali ambao mwenye bunduki ameuchagua. Huyu amechagua thelathini. Kabla ya hapo, karibu, kirisasi bado kiko chini njiani."

"Kwa hiyo anayeijua bunduki..."

"Anapandisha."

Inspekta akamtoa Kengeza mahabusu, akampa kiti chenye mgongo.

"Kwa nini umeisawazisha darubini kwa mita thelathini?"

Kengeza alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. "Kwa sababu njiwa wanakaa huko. Kutoka uani hadi kwenye mgongo wa paa. Darubini unaiambia umbali mmoja tu, Afande. Unachagua ule ambao kazi yako iko. Kwingine kote unatumia akili."

"Ndani ya jengo?"

"Ndani sipigi kabisa. Kuna watu."

"Tuseme unalazimika. Njiwa yuko pale ukutani."

"Nalenga hewa iliyo juu yake. Hata nikiwa usingizini."

"Yaani ukitaka kuvunja kikombe kutoka hapa?"

"Kikombe kimenikosea nini?" Halafu akaona uso wa Inspekta, akaacha masihara. "Nisingekikosa."

"Nakuamini. Nani mwingine anaitumia?"

Kengeza akanyamaza. Ndiyo mara ya kwanza tangu wamkamate.

"Umefundisha mtu?"

"Siku za mapumziko tunapanga makopo ukutani, uani. Mita thelathini. Ni mchezo tu."

"Wewe na nani?"

"Afande, usiniulize hilo. Mtu huyo anamlisha mwanangu."

Inspekta hakumwuliza tena. Alimimina maji kwenye bilauri, akamsogezea. "Ahsante," alisema, "umekwisha kunijibu."

Fundi alikuja kiwandani alipoitwa, hakuuliza kwa nini. Alipopanda kwenye kibaraza akakuta Inspekta, Koplo na mtaalamu wa silaha, na bunduki imelazwa juu ya gunia. Chumbani kiti kilikuwa kitupu. Kikombe kilikuwa rafuni.

"Unajua kuitumia hii?"

"Kidogo."

"Kengeza anasema huwa mnapiga makopo."

"Kengeza amesema?"

"Amekataa kukutaja. Nimeng'amua mwenyewe." Akamnyooshea kirisasi kimoja. "Nivunjie kile kikombe."

"Afande..."

"Usilenge juu, usilenge chini. Lenga kikombe tu."

Aliipokea. Ilipofika begani, mikono yake ikatulia, kama mikono ya mafundi inavyotulia ikishika chombo. Akavuta pumzi. Akafyatua.

Kikombe hakikutikisika. Kwenye ukingo wa rafu, ubavuni mwa tundu la kwanza, palikuwa na tundu la pili. Yalikaa pamoja kama macho mawili.

Fundi alishusha bunduki. Alitazama yale matundu, akatazama mkono wake, akatazama tena matundu. Kisha akakaa chini pale pale kwenye chuma.

"Kumbe si mimi," alinong'ona.

"Ni wewe," alisema Inspekta.

"Ni mimi niliyefyatua, Afande, hilo sikatai. Lakini nililenga ule mstari mwekundu. Naapa nililenga mstari, na nikamwona anaanguka. Tangu hapo sijalala. Nimekuwa najiuliza, kwa nini mkono ulishuka? Nikasema labda kuna kitu moyoni mwangu kibaya ambacho sikijui. Labda nilitaka afe." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Mtu aliyenilea! Nikasema mimi ni mnyama gani?"

Mtaalamu wa silaha alichuchumaa mbele yake. "Mkono haukushuka," alisema. "Umbali." Halafu, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa kubwa, akatumia maneno zaidi. "Kila ambaye angelenga pale kwa bunduki hii, kirisasi kingekwenda pale pale."

Inspekta akavuta gunia, akakaa. "Sasa nieleze. Kwa nini?"

"Kifua, Afande. Umemsikia anavyopumua? Ni huu unga. Daktari alimwambia aache kazi, akaificha ile habari. Mimi nikaona leso yake ina damu. Nikamwomba. Nikamwambia sasa nina kazi, nina mshahara, kaka pumzika, mimi nitakulisha. Anasema, 'Eti?' Nikipaza sauti anasema nisimpigie kelele mbele ya wafanyakazi."

"Ndipo ukachukua bunduki."

"Nilidhani akijua kuna mtu anamwinda hapa, shemeji atamkataza kurudi. Neno la shemeji hulisikia, hata awe mlango wa tatu. Nikataka kukivunja kikombe mbele yake. Nikakosa, naye hakushtuka, anaendelea na hesabu za magunia. Nikasema basi nigonge kofia, hiyo ataihisi. Kofia ile huangukiwa na spana na hapasuki mtu."

"Ukafuta bunduki."

"Niliitupa nyuma ya magunia. Nilipomfikisha hospitali nikarudi, nikaifuta, nikaiweka kabatini. Hofu tu."

"Na Kengeza?"

Hapo fundi aliinamisha kichwa hadi magotini. "Kengeza sikumfikiria kabisa. Walipomchukua nikasema kesho nitasema. Kesho ikafika, shemeji ananishukuru. Muuguzi ananishukuru. Kila anayenishukuru ananifunga mdomo. Ningeusemaje ukweli, mikono yangu imejaa ahsante?"

Vinu viliendelea kunguruma. Inspekta alisimama, akamsomea haki zake taratibu, neno kwa neno. Akamwambia kosa litakalopelekwa mahakamani: siyo jaribio la kuua, ila kujeruhi kwa uzembe, pamoja na kuvuruga ushahidi. Akamwambia pia kwamba kosa hilo halikuwa dogo. Koplo akatoa pingu.

"Ahsante, Afande," alisema fundi, akinyoosha mikono.

"Usinishukuru. Nakukamata."

"Najua. Leo nitalala."

Kengeza aliachiwa mchana ule. Mke wake aliangua kilio alichokuwa amekibana muda wote ule, na mtoto akajiunga naye bila kuuliza sababu. Kengeza alimpa Inspekta mkono, akauachia, akamrudia tena akampa wa pili.

"Mimi sijui kushukuru, Afande," alisema. "Nikianza natukana."

"Tukana tu."

"Mungu akubariki, mama wewe!" alifoka, akatoka na familia yake, akiwa amemchukua mtoto yeye mwenyewe.

Siku iliyofuata simu ililia kutoka hospitali. Mnyapara ameanza kusema, na neno lake la kwanza ni kumtaka mdogo wake. Mkewe alikuwa amekwisha kumweleza kila kitu, kwa sauti ya juu, wodi nzima ikisikiliza.

Inspekta alimleta fundi, pingu zimefunikwa kwa sweta la Koplo. Shemeji yake alisimama. Kwa muda hakuna aliyejua atampiga au atamkumbatia. Akavuta kiti, akakipangusa kwa ncha ya kanga. "Kaa," alisema. "Mjinga mkubwa wewe. Kaa."

Mnyapara alimgeukia mdogo wake.

"Ungeniambia," alisema.

"Kaka! Nilikwambia mara ngapi?"

"Eti?"

"NILIKWAMBIA!"

Mgonjwa mwenye mguu ulioning'inizwa alicheka kwanza. Halafu mnyapara mwenyewe akacheka, mpaka kikohozi kikamkamata na kumtikisa, na mkewe akamwinua mgongo mpaka kikapita. Alipolazwa tena kwenye mto, macho yake yalikuwa na maji.

"Inspekta," alisema, "maelezo yangu hakimu atayasoma?"

"Atayasoma. Atafanya nini nayo, hilo siwezi kukuahidi."

"Basi niandikie."

Koplo akafungua karatasi, akabonyeza kalamu. Aliandika umri, akaandika makazi.

"Kazi yako?" aliuliza kwa sauti kubwa.

Mzee akatazama dari. Kifua kilipanda, kikashuka, kikakwaruza.

"Sina."

Koplo aliinua uso. "Si mnyapara wa kiwanda?"

"Nimeacha."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipouliza."

Fundi aliweka paji la uso kwenye ukingo wa godoro, mabega yakaanza kumtetemeka. Koplo alisafisha koo, akaandika, akahamia mstari wa mwisho.

"Una uhusiano gani na mtuhumiwa?"

"Nyinyi polisi mna maswali," alisema mzee. Mkono wake ulikuwa umekwisha kupita chini ya lile sweta, juu ya chuma cha pingu, ukaipata mikono ya mdogo wake na kuibana. "Andika unachokiona."